Ukingo wa gazoni: mashine ya uzi au ya kisu?

Karibuni, ndugu zangu. Leo tuko Goma, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Himbi, ndani ya parseli, yaani kiwanja cha nyumba, yenye gazoni nzuri, bustani ya majani mafupi, lakini tazameni kingo zake. Huku majani yamepanda juu ya pave, yaani matofali ya njia, kule yamefunika mawe meusi yote mpaka hujui bustani inaishia wapi. Wengi wananiuliza: kwa ukingo kama huu ninunue debrusayezi, ile mashine ya kubeba inayokata majani kwa uzi wa nailoni unaozunguka, au mashine ya kisu cha kusimama inayochanja ardhi? Nitawaonyesha zote mbili zikifanya kazi. Ila kabla ya kuwasha chochote kuna kipimo cha kufanya, na katika mji wetu huu kipimo hicho ndicho kinachoamua.

Tafuta msumari mrefu, au kipande cha nondo kilichochongwa ncha. Piga magoti ukingoni, shindilia msumari, uchomoe, sogea shibiri moja, shindilia tena. Sikilizeni. Hapa unaingia wenyewe, vidole vitatu, vinne, hakuna kelele. Hapa pia. Na hapa… kwa! Umegonga jiwe, vidole viwili tu chini ya majani. Weka alama kwa chokaa au kijiti, kisha endelea mpaka mwisho wa mstari.

Sababu mnaijua. Goma imekaa juu ya lava, mawe yaliyotiririka yakiwa moto kutoka volkano ya Nyiragongo. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na kuna nyingine za zamani kuliko hiyo. Kwenye parseli kama hii udongo uliletwa kwa lori ukamwagwa juu ya mawe, kwa hiyo hatua moja una kina kizuri, hatua ya pili huna kitu. Mafundisho mengi ya kingo yanatoka nchi zenye udongo laini na mzito, ndiyo maana wanasema nunua mashine ya kisu bila kuuliza chini kuna nini. Sisi lazima tuulize.

Sasa tofauti ya mashine. Uzi wa nailoni unakata jani, basi. Kisu kinakata jani, udongo na mizizi pamoja. Gazoni hii ni kikuyu, majani ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kikuyu hutambaa juu na chini ya ardhi. Ukipitisha uzi, ukingo unapendeza leo, lakini vitambaazi vya chini, yale mashina yanayotambaa ndani ya udongo, viko hai na vitatokea tena kati ya pave. Kisu kinavikata. Kwa hiyo kisu kina faida ya kweli, nami nakipenda mahali pake: ukingo ulionyooka, kando ya pave au simenti, pale ambapo msumari ulishuka bila kugonga kitu.

Tuanze nacho basi, hakitachukua muda. Gurudumu likae juu ya pave, kisu kishuke kwenye mpaka wa pave na majani. Mara ya kwanza weka kina cha sentimita 2, sukuma polepole, usiilazimishe mashine. Rudia mstari uleule kwa sentimita 4 au 5. Ona mfereji ulivyo safi, na hivi vitambaazi vyeupe vinavyotoka. Viokote vyote, kikuyu ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu inaota tena. Ukifika kwenye alama ya chokaa, nyanyua kisu, vuka, shusha upande wa pili. Kikigonga jiwe kwa bahati mbaya, zima mashine, ng'oa waya wa buji, yaani plagi ya injini, kisha kagua kisu kwa jicho na kidole. Kikiwa na ufa, tupa. Tafadhali msipeleke kisu chenye ufa kwa fundi wa kuchomelea, kipande kikikatika kinaruka na miguu yako iko palepale.

Sasa debrusayezi, na hapa nitakaa zaidi maana ndiyo mashine ya kingo zetu za mawe.

Uzi wa milimita 2.4 unatosha kwa gazoni ya nyumbani. Kama umekaa dukani au stoo muda mrefu umekuwa mkavu, unavunjika-vunjika. Uloweke kwenye maji usiku kucha, nailoni inanyonya maji na kulainika. Esansi, yaani petroli, na oili ya kuchanganya nayo: soma kitabu cha mashine yako. Nyingi za mipigo miwili zinataka oili mililita 20 kwa lita 1, nyingine mililita 40. Usikisie.

Vaa miwani ya kinga, viatu vya kufunika, suruali ndefu, ziba masikio. Watu wakae mita 15 kutoka kwako, na gari lisogezwe. Uzi ukikamata kikokoto cha lava unakirusha kwa nguvu kubwa sana. Nasema hasa kwenu wenye parseli: anayekata majani mara nyingi ni santineli, mlinzi wa nyumba, na ninawaona wakifanya kazi macho wazi, miguuni sandali. Mnunulie miwani siku ileile unayonunua mashine.

Kata kwanza gazoni yote, kisha ingia ukingoni. Geuza mashine mpaka kichwa kisimame wima na uzi uzunguke kama gurudumu la baiskeli. Zenye mshikio wa duara hugeuka kirahisi, zile za mikono miwili mipana zinachosha mgongo kwa kazi hii. Kinga ibaki kati yako na uzi. Washa kidogo, tazama uchafu unaruka upande gani, kisha chagua mwelekeo wa kutembea ili usikurudie usoni.

Ncha ya uzi tu ndiyo iguse majani. Karibu na mawe punguza gesi, yaani mwendo wa injini, na ukaribie taratibu, lava ina makali na inakula uzi upesi. Ukihitaji uzi zaidi, gonga kichwa kwenye majani, usigonge juu ya jiwe. Ukifika kwenye mti mchanga, kama huu mparachichi, acha kabisa, malizia kwa mkono. Uzi ukichubua gome kuzunguka mti mdogo, mti unakufa.

Na jambo moja nawaomba sana: msifunge kisu cha chuma kwenye debrusayezi mkaigeuza wima ili ichanje udongo. Kinga yake haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na kisu kikigonga lava mashine inarushwa pembeni, huwezi kuizuia.

Kama pesa ni ya mashine moja, kwa Goma mimi nasema debrusayezi, pamoja na beleshi bapa lililonolewa. Funga kamba kati ya vijiti viwili, simamisha beleshi kando ya kamba, kanyaga, chomoa, sogea. Beleshi linafanya kazi ya kisu, na likigusa jiwe unalisikia mguuni kabla ya hasara. Mashine ya kisu nunua kama una mita nyingi za pave na msumari umekupa ruhusa.

Wakati wa mvua pitisha uzi kila wiki mbili hivi. Kuchanja kwa kisu au beleshi, mara mbili au tatu kwa mwaka inatosha, udongo ukiwa na unyevu bila kuwa tope. Kati ya Juni na Agosti umekauka, kwa hiyo mwagilia ukingo jioni, uchanje kesho yake asubuhi.