Vimelea Vimepungua, Lakini kwa Kasi Gani?

Ndugu watafiti, na nyinyi wanafunzi mliokimbilia viti vya nyuma, habari za mchana.

Mtafiti akiniambia dawa yake ya malaria imepunguza vimelea kwa zaidi ya asilimia 90 kwa siku moja, makofi nayaweka akiba. Tuchukue wagonjwa wawili, kila mmoja ana vimelea 100,000 katika mikrolita ya damu. Kwa wa kwanza vinapungua nusu kila saa 3, kwa wa pili kila saa 6. Baada ya saa 24 wa kwanza amebaki na 390 hivi, wa pili 6,250. Wote wamevuka asilimia 90, ilhali wa pili ana vimelea mara 16 ya mwenzake.

Ukichora hesabu hizo dhidi ya muda unapata mkunjo unaoporomoka, kisha unalala. Chora logi asilia zake, mkunjo unanyooka, kwa kuwa kinachoondoka kila saa ni sehemu ileile ya vimelea vilivyopo, si idadi ileile. Mteremko wa mstari huo ndio kasi. Gawanya 0.693, yaani logi asilia ya 2, kwa mteremko, ukiacha alama ya kutoa, unapata muda wa kupungua nusu.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kule Pailin, magharibi mwa Kambodia, vimelea vilichukua saa 84 kwisha baada ya dawa jamii ya artemisinini. Wang Pha, Thailand, saa 48. Hizo ni thamani za katikati. Mabadiliko ya K13, jeni ya vimelea wenyewe, yanayoambatana na ukawiaji huo yameshaonekana Rwanda, Uganda na Tanzania, kwa hiyo hesabu hii ni yetu pia.

Wengi hutazama tu kama slaidi, yaani kioo chenye tone la damu, ya siku ya tatu ina vimelea. Ni rahisi, naelewa. Ila kwa kasi ileile ya saa 6, aliyeanza na 200,000 atakuwa na 49 saa ya 72, na msomaji hodari wa darubini anaweza kuviona. Aliyeanza na 4,000 atakuwa na kimoja. Slaidi itasomwa safi.

Sasa msinikimbilie na mstari. Saa za mwanzo hesabu mara nyingi hukawia kushuka, hata hupanda. Mwishoni msomaji anahesabu vimelea viwili vitatu kwenye slaidi nzima, na bahati ndiyo inayoamua. Ukizilazimisha nukta hizo zote kwenye mstari mmoja, mteremko unalegea na dawa inasingiziwa uzembe. Na sifuri haina logi. Wapo wanaoandika 1 mahali pake na kuendelea kana kwamba wameipima. Kwa hiyo mkiniletea kizigeu cha uhusiano, yaani kipimo cha jinsi nukta zinavyoufuata mstari, cha 0.95, nileteeni na nukta zenyewe, za kila mgonjwa peke yake, kabla hazijachanganywa kuwa wastani.