Kabla Sijanunua, Napiga Magoti Kwanza

Shalom wapendwa, habari za huko nyumbani. Leo sikutoka, nimekaa hapa hapa jikoni, simu nimeiegemeza kwenye birika, kwa hiyo mkiona picha inacheza mnivumilie.

Wiki hii nilikuwa naongea na mdogo wangu. Anataka kununua friji, akaniomba nimuongezee hela. Nikamwambia sawa mdogo wangu, ila tuombe kwanza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Dada, kazi unayo, mshahara unaingia, na friji nalo mpaka tulipigie magoti?" Swali hilo halijanitoka kichwani mpaka leo, ndiyo maana nimewasha kamera.

Huku ughaibuni kununua ni rahisi mno, na shida yangu ilianzia hapo. Unabonyeza simu mara 2, kitu kiko mlangoni. Huna hela? Unaambiwa chukua tu, utalipa taratibu. Sofa langu la kwanza nililichukua hivyo. Sikuomba wala kuhesabu. Niliangalia kiasi cha kila mwezi nikaona kidogo, sikukizidisha kwa miezi yote nione riba iliyojificha mle ndani. Matokeo yake kila mshahara ukiingia, kabla sijatoa zaka, kabla sijamkumbuka mama, sofa limeshachukua lake. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye. Aya hiyo niliikariri nikiwa mtoto, lakini nimekuja kuielewa kwenye lile sofa. Kuna usiku nililikalia nikalia.

Tangu hapo nikamwambia Mungu, Bwana, nyumba hii ni yako, kitu hakitaingia bila kukuuliza.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa wengi tunateleza, na mimi niliteleza. Nilianza kuomba, lakini nilikuwa nimeshachagua. Rangi ninayo, ukubwa ninao, nimebakiza Mungu aseme amina. Halafu bei ikishuka, napiga kelele, "Mungu amejibu!" Wapendwa, punguzo la bei ni biashara ya mwenye duka. Mungu anaweza kulitumia, sikatai, ila lenyewe siyo sauti yake. Yakobo aliandika kwamba kuna watu wanaomba na hawapati kwa sababu wanaomba vibaya, ili wavitumie kwa tamaa zao. Nilijisoma mle.

Siku hizi nikitamani kitu nakiandika kwenye hili daftari. Hili hapa, jalada limeshachoka. Naandika tarehe, kisha nakiombea na kukiacha. Vingine baada ya wiki 2 nikivisoma hata sikumbuki nilivitakia nini. Navifuta na kumshukuru Mungu, kwa sababu hela ambayo haikutoka nayo ni riziki.

Ngoja niwaonyeshe kitu. Hili friji hapa nyuma yangu. Mwaka jana lilianza kutopooza. Maziwa yanaharibika, barafu inaganda ovyo kwa juu, mashine inaunguruma usiku kucha haipumziki. Nikasema basi, friji jipya. Nikaandika kwenye daftari, nikaanza kuomba. Siku ya tatu nikawa nasoma Wafalme wa Pili, sura ya 4, yule mjane ambaye mdai wake amekuja kuwachukua wanawe 2 wawe watumwa. Analia kwa Elisha. Na Elisha hamwambii subiri muujiza. Anamuuliza, una nini nyumbani? Yule mama anajibu kwamba hana kitu ila chupa ya mafuta. Muujiza ukaanzia kwenye ile chupa.

Nikafunga Biblia, nikaja kusimama hapa. Nikajiuliza, mimi nina nini nyumbani? Nina friji bovu. Limeharibika wapi? Nikamuuliza mzee mmoja wa kanisani ambaye ni fundi, akaniambia chukua karatasi, ibane kwenye mlango, ufunge, halafu uivute. Tazameni, nafanya. Mnaona inavyong'ang'ania? Mpira umeshika. Siku ile karatasi ilitoka yenyewe kama niliyoiweka mezani. Mpira wa mlango ulikuwa umekauka na kupasuka kwenye kona, hewa ya joto inaingia, mashine inafanya kazi bila kupumzika. Nikanunua mpira peke yake, fundi akanisaidia kuuvalisha, na hili friji mpaka leo ndilo ninalotumia. Niliomba friji, Mungu akanipa karatasi na mzee wa kanisa. Nilishangilia kuliko ambavyo ningeshangilia friji jipya, haki ya Mungu.

Na yule mjane, angalieni mwisho wa habari yake. Mafuta yalipojaa, Elisha alimwambia auze, alipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Deni lilitangulia.

Kuna mhamiaji mwenzetu wa zamani ninayempenda sana, George Müller. Alizaliwa Prussia, sehemu ambayo leo ni Ujerumani, mwaka 1805, akahamia Uingereza 1829, na mwaka 1836 akafungua nyumba ya yatima mjini Bristol. Mahitaji ya wale watoto alimpelekea Mungu kwa maombi, hakupita kwa watu kuwaomba michango, na hakutaka kukopa. Na aliandika kila kilichoingia. Mtu wa imani kubwa kiasi kile, na daftari anashika! Wapo wanaodhani ukihesabu umepungukiwa imani. Bwana Yesu mwenyewe, Luka 14:28, alisema anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Mimi nikitoka magotini nashika kalamu.

Ndugu zangu Waislamu mnaonitazama, najua hili kwenu si geni. Mnayo istikhara, rakaa 2 na dua, mtu anamwomba Mwenyezi Mungu amchagulie lililo la heri kabla hajafunga jambo. Jirani yangu wa mlango wa pili alinieleza, nikamwambia dada, tunalia mlango mmoja.

Sasa mdogo wangu, najua unanitazama. Sikukunyima. Hela nimeshaitenga, iko pembeni. Ila kabla hatujainunua hiyo friji nataka tuulizane, umeme utaulipa kila mwezi? Pale unapotaka kuliweka, umepima? Na kama utachukua lililotumika, usimwonee haya muuzaji, nenda na karatasi yako ubane mlango. Kama likisafirishwa limelazwa, likifika lisimamishe, liache saa kadhaa kabla hujachomeka, ili mafuta ya mashine yarudi chini. Mambo haya yote nayahesabu kuwa sehemu ya maombi.

Wala msidhani kila nilichoandika nimepata. Ukurasa huu hapa, mstari wa kwanza: mashine ya kufulia. Nimeuandika Januari. Nafasi nimeshapima, sentimita 60 zinatosha, bomba la maji lipo karibu. Hela ndiyo haijatimia. Kuna mwezi nilikuwa nimebakiza kidogo, mama akaugua, ikaenda yote. Siku ile sikuomba kwa maneno mazuri, nilikaa tu hapa chini nikasema Baba, unaona. Na niliinuka nikiwa na amani, jambo ambalo siwezi kulieleza zaidi ya hapo.

Leo saa 3 usiku, saa zenu, mdogo wangu atanipigia, tutaomba la friji lake na la mashine yangu. Wewe nawe niandikie hapo chini unaomba nini kwa ajili ya nyumba yako, nitakusoma na kukutaja kwa jina tukiwa magotini. Sasa niwaage, bafuni kuna beseni la nguo nimeziloweka tangu asubuhi.