Mdudu Akiwa Hai Kimya, Akifa Kelele

Mhadhara kwa waganga na wauguzi wa zahanati, Mbeya

Wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi. Aliye karibu na mlango aufunge tafadhali, baridi ya leo si ya mchezo. Walionisikia Tukuyu na Vwawa watanivumilia. Nitasema yale yale, na nitayasema mpaka siku nitakapoacha kuletewa vinyama vya kupima maabarani kwenye chupa za maji ya kunywa.

Nianze na chupa hiyo. Kijana wa Mbozi, mkulima wa kahawa, alikuwa na kijivimbe chini ya ngozi ya mkono, kama punje ya harage. Kikatolewa. Fomu ikaandikwa: uvimbe wa mafuta. Kikanifikia kinaelea majini, kwenye chupa yenye lebo yake bado. Jamani! Maji hayahifadhi nyama, yanaiozesha. Fomalini ya asilimia 10, ujazo wake usipungue mara kumi ya kinyama chenyewe, na itiwe pale pale kinapotoka mwilini. Hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa, kwa hiyo ukichelewa nje kutakuwa kumekaza na ndani kumeshaharibika. Haya, hasira zimeisha, tuendelee.

Nikakipasua. Mafuta hayakuwemo. Kilikuwa kifuko chembamba, kikatoa majimaji maangavu kama machozi, na ndani yake kidoa cheupe kama kipande cha mchele. Wenye kuchoma kitimoto mnakijua kidoa hicho, na mnajua kisu kinavyopita haraka mteja asione. Chini ya hadubini kidoa kilikuwa kichwa: vinyonyeo vinne na safu mbili za ndoano. Lava, yaani mtoto wa tegu wa nguruwe, yule mnyoo mrefu bapa, yumo mkononi mwa mtu.

Sasa nitazameni vizuri, maana hapa ndipo watu huanza kusinzia. Kilichonikalisha kwenye kiti siku ile hakikuwa mdudu. Ni majirani zake. Kukizunguka kifuko kulikuwa shwari kabisa: seli nyeupe chache zimetawanyika, kovu jembamba limezingira kama ua la mabua, basi. Ungedhani mwili haujui kwamba una mgeni. Mgeni mwenyewe ndiye anayehakikisha haujui. Anatoa protini zinazozishika zile protini za ulinzi zilizomo kwenye damu na kuzilemaza, na seli za kinga zikimkaribia anazipoza. Anaweza kukaa hivyo miaka. Waingereza waliliona hili miaka ya 1930 kwa askari wao waliotoka India: mtu amesharudi kwao, mzima, halafu miaka inapita ndipo anaanza kuanguka kifafa.

Nikampigia mganga aliyeleta chupa. Nikamwuliza, "Huyu kijana haanguki?" Simu ikawa kimya. Kisha: "Daktari, umejuaje?" Alikuwa anaanguka tangu mwaka uliotangulia. Nyumbani walishamaliza mbuzi kwa waganga wa kienyeji. Halafu muuza duka la dawa akamshauri ameze dawa ya minyoo, na si kidogo, ya kumsafisha. Siku chache baadaye akaanguka mfululizo, kichwa kikamuuma mpaka akatapika. Ukoo mzima ukasema: mmeona? Huu si ugonjwa wa hospitali.

Ulikuwa ugonjwa wa hospitali. Dawa ilifanya kazi yake, ikaua wenzake yule wa mkononi, waliokuwa kwenye ubongo. Mdudu akifa, zile protini za kujificha zinakwisha, mzoga unavuja, na mwili unashtuka kwamba kumbe siku zote kulikuwa na mtu ndani. Zinaingia eosinofili, zile seli zenye punje nyekundu kali, kiini kimegawanyika mara mbili kama miwani. Zinafuata seli nyingine za kinga, limfositi, kisha makrofaji, nyingine zinaungana kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi. Majimaji yanajaa pembeni. Kwenye mkono hayo ni uvimbe unaouma wiki mbili ukaisha. Kwenye ubongo, ndani ya fuvu ambalo halitanuki, ni kifafa. Kwa hiyo anayemtupa chini kijana yule ni kinga yake mwenyewe, inapigana na maiti. Mwisho maiti inageuka chokaa, na hata chokaa hiyo huweza kuamsha uvimbe mara moja moja.

Ndiyo maana nasema, na dada mmoja hapa mbele tayari anatabasamu kwa kuwa amenisikia mara tatu: mtu mwenye kifafa usimpe dawa za minyoo kwa kubahatisha, iwe prazikwanteli au dozi nene ya albendazoli. Mpeleke apigwe picha ya kichwa. Atazamwe macho, maana mdudu akifia ndani ya jicho, jicho linaweza kwenda naye. Akikutwa na vifuko hai, albendazoli hutolewa pamoja na steroidi za kuituliza hiyo kinga, na dawa za kifafa zinaendelea. Akikutwa na chokaa tupu, dawa ya minyoo haina wa kumuua.

Kuna mzee ananitazama kama anayesema: mimi Msabato, nguruwe simjui, hayanihusu. Mzee wangu, yanakuhusu. Anayekula nyama yenye vidoa, isiyoiva, anapata tegu wa tumboni, mita mbili au tatu, na mara nyingi hajui. Anayepata lava kichwani ni aliyemeza mayai, na mayai hayatoki kwenye nyama, yanatoka kwenye kinyesi cha mwenye tegu. Kipingili kimoja cha tegu kinaweza kubeba mayai 50,000. Jirani yako anaenda migombani, hanawi, anakukatia kachumbari. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu Wayahudi wa New York, watu wasiogusa nguruwe kabisa, waliokutwa na vifuko hivi kwenye ubongo. Mayai yaliingia kupitia wasaidizi wa jikoni. Na nguruwe wetu wanaozurura vijijini, wanakula nini nyuma ya nyumba? Najua mnajua. Basi msiniambie habari za kuchinja nguruwe wote. Niambieni vyoo vingapi vina mlango.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa na picha kumi na mbili za kifua kikuu, nitaonyesha moja. Hii ni granuloma, ukuta ambao mwili huwazungushia bakteria: makrofaji zimesongamana, seli kubwa yenye viini vilivyopangwa kama kwato ya farasi, katikati kumekufa kukawa kama jibini. Huo ukuta hujengwa kwa amri ya seli za kinga ziitwazo CD4. Virusi vya UKIMWI vikizimaliza, ukuta haujengeki, na bakteria wanajaa. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta maambukizi ya watu wazima ni asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 hapa Mbeya, kwa hiyo kuta hizi mbovu mnazo kwenye zahanati zenu. Na mgonjwa akianza ARV, wiki chache tezi zikamvimba na homa ikarudi, msikimbilie kusema dawa zimemdhuru. Mpimeni kifua kikuu. Huenda CD4 zimerudi zikakuta adui sebuleni, ni habari ile ile ya kijana wa Mbozi. Lakini ARV msizisimamishe kwa uamuzi wenu, pigeni simu kwanza.

Ya saratani ya mlango wa kizazi nimeyaacha, tutayapangia siku yake. Chupa za fomalini zipo kwenye boksi pale mlangoni, kila zahanati ichukue tano. Dada mwenye daftari jekundu, mkono wako umenyooka tangu nilipomtaja nguruwe. Karibu.