Bando kanunua nani?

MWANAIDI: Haya tumerudi. Leo ni TEHAMA na maendeleo, Juma kaja na karatasi yake, mafunzo matatu kayapigia mstari kabisa. Ila kabla hujaisoma nina jambo la wiki hii.

JUMA: Lete dada.

MWANAIDI: Nilikuwa kwa shangazi, yule nesi wa zahanati huko kusini, mnamjua nishamtaja sana humu. Nimefika mwisho wa mwezi nikajua tutapiga stori, wapi! Saa tatu usiku yuko mezani na vitabu vya MTUHA, yaani vile vya taarifa za afya za kituo, kitabu namba 6 hiki cha wajawazito, anashuka mstari kwa mstari huku pembeni anachora vijiti, vinne vimesimama cha tano kinawakata, akimaliza anajumlisha, jumla inagoma, anaanza upya. Asubuhi kajaza fomu ya mwezi, kaipiga picha, kamrushia mtu wa wilaya WhatsApp ili kule waiingize kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Na bando kanunua mwenyewe.

JUMA: Hela yake ya mfukoni?

MWANAIDI: Buku lake, na sio mwezi huu tu. Kuna mradi uliwaletea kishikwambi, ulivyoisha kikabaki kabatini, chaji haikai.

JUMA: Sasa hapo si ndo nasemaga kitochi...

MWANAIDI: Jamani kitochi! Hata dakika tano hazijafika!

JUMA: We cheka tu, wasikilizaji wenyewe wananiita Mzee Kitochi na nimeridhika. Kulikuwa na mradi wa meseji za kufuatilia dawa za malaria vituoni, SMS for Life, 2009 mpaka 2010, Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, vituo 129. Kila Alhamisi meseji inaingia kwa mhudumu, dawa mseto zimebaki ngapi, kwinini ya sindano ngapi, anajibu bure kwa simu yoyote ile hata ya betri la kufunga na raba bendi. Mwanzoni vituo 78% vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa ya malaria, wiki ya 21 ikawa 26%. Hamna kishikwambi hapo.

MWANAIDI: Mbona hujasema walikuwa wanapewa nini wakijibu?

JUMA: Najua unapokwenda.

MWANAIDI: Vocha! Ukijibu kabla ya Ijumaa jioni unaingiziwa salio. Kazi yao iliheshimiwa ndo maana walijibu.

JUMA: Hapana bana. Walijibu kwa sababu dawa zilikuja. Mtu wa wilaya anafungua taarifa anaona zahanati hii haina kitu na ile ya jirani imejaa, anahamisha. Lindi Vijijini kufika wiki ya 8 tatizo la kuishiwa lilikuwa limekwisha. Mtu akiona namba yake imeleta boksi la dawa, atatuma tu.

MWANAIDI: Kwa salio la nani?

JUMA: Meseji ilikuwa bure dada!

MWANAIDI: Ile ya mradi. Ya shangazi sio bure. Mi nasema mfadhili anayetaka takwimu amlipe anayezihesabu, mkononi kwake, mwezi kwa mwezi.

JUMA: Na mfadhili akiondoka? Ripoti zinaondoka naye. Halafu ukishalipa kwa kila ripoti unakaribisha namba za kupikwa, mtu anajaza ili salio liingie.

MWANAIDI: Aah Juma hiyo sikubali. Namba zinapikwa pale nesi mmoja ana vitabu vyote vile, foleni ya kina mama nje, na kesho ndo mwisho wa kutuma. Uchovu ndo unapika namba, sio vocha.

JUMA: Uchovu upo, sikatai. Vocha haiutoi.

MWANAIDI: Inautambua! Miaka yote anatuma huko juu, hajarudishiwa hata chati moja akaambiwa wajawazito wako wanachelewa hudhurio la kwanza, fanya hivi.

JUMA: Ndo hoja yangu hiyo hiyo, kirudishwe kitu chenye faida kwa kituo...

MWANAIDI: Na bando.

JUMA: Bila bando.

MWANAIDI: Basi hatuelewani.

JUMA: Hatuelewani kabisa, na nikienda kwake ntamwambia hivyo hivyo.

MWANAIDI: Mwambie uone kama utapewa chai. Muda je?

JUMA: Dakika mbili, na karatasi sijaigusa. Nilitaka kuanza na DHIS2 yenyewe, mizizi yake ni Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, kuunganisha taarifa za afya zilizokuwa vipande vipande, na leo nchi kibao zinaitumia, kwahiyo funzo la kwanza...

MWANAIDI: Haitoshi Juma, hilo linataka kipindi kizima.

JUMA: La pili fupi, linahusu simu za...

MWANAIDI: Kitochi?

JUMA: ...ndio.

MWANAIDI: Haya kwaherini! Manesi mnaotusikiliza, tutumieni voisi, bando la ripoti ananunua nani, na mseme nani kati yetu yuko sahihi.

JUMA: Wanaonunuliwa bando na kituo nao waseme!

MWANAIDI: Nao waseme. Tunazima.