Saa ya Swichi: Nani Aiulize, Nani Airekebishe

Habari za mchana, mafundi wenzangu. Nimewaona wa Kakamega na Kericho, hata wa Nakuru mmefika. Karibuni Kisumu, na poleni na joto.

Tazameni mstari huu hapa ukutani, umetoka kwenye logi (daftari la matukio) ya swichi ya Cisco, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi:

*Mar 1 00:02:17.301: %LINK-3-UPDOWN: Interface GigabitEthernet0/14, changed state to up

Ile nyota ya mwanzo wengi huiruka. Hapo swichi yenyewe inakiri kwamba saa yake si ya kutegemewa. Swichi nyingi za aina hii hazina betri ya kutunza saa, kwa hiyo stima ikipotea na kurudi, zinaanza kuhesabu upya kutoka Machi 1, 1993. Na stima ya huku mnaijua.

Sasa chukulia kompyuta ngeni imechomekwa usiku kwenye tawi la Sacco pale Ahero. Bawabu ameandika kitabuni "saa nane usiku". Rauta inasema 23:00 ya jana yake, kwa sababu inafuata UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele yake. Swichi inasema Machi 1. Mashahidi watatu, na hakuna wawili wanaopatana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 tangu ujue data za watu zimevuja uwe umemwarifu Kamishna wa Data. Ukizimaliza kwa kupatanisha saa, shauri yako.

Dawa ni NTP, utaratibu wa vifaa kuulizana saa kupitia mtandao, poti ya UDP 123. Hilo halina mjadala. Kinachonisumbua ni kwamba tunaiwasha halafu tunaacha mlango wazi. Mwaka 2014 seva za NTP zilizoachwa wazi zilitumiwa kushambulia watu wengine: mshambuliaji alituma swali dogo la monlist, la kuomba orodha ya wateja wa seva, akighushi anwani ya mwathiriwa kama ya mtumaji, na seva ikamrushia mwathiriwa orodha ya hadi wateja 600 wa mwisho.

Kwenye Cisco, amri ya kuchagua nani aruhusiwe ni ntp access-group, yenye ngazi nne, kila moja na orodha yake ya anwani. Aliye kwenye peer anapewa saa, anauliza hali ya NTP yako, na swichi yako inaweza kuifuata saa yake. Wa serve anapewa hayo yote, ila saa yake haifuatwi. Wa serve-only anapewa saa, basi. Wa query-only anauliza hali tu. Mtego uko hapa: ukishaweka ngazi moja, ambayo hukuitaja imefungwa. Fundi anaweka serve-only kwa ajili ya matawi, anasahau peer kwa ajili ya seva yake mwenyewe, anaenda nyumbani akiwa ameridhika. Swichi inaacha kusawazisha saa na haipigi kelele. Ndiyo maana nasisitiza ntp logging iwashwe, ili chanzo cha saa kikipotea iandikwe.

Na isiandikwe kwenye kumbukumbu ya swichi peke yake, kwani stima ikikatika inafutika. Tuma kwenye seva ya syslog, yaani ya kukusanya logi, na uongeze amri ya service timestamps log datetime msec localtime show-timezone, ili kila mstari uonyeshe saa ya hapa na ukanda wake. Ngazi za syslog ni 0 hadi 7; namba ikipanda, mambo madogomadogo zaidi yanaandikwa. Ya 6 inatosha, ya 7 itakuzamisha.

Dada wa nyuma anauliza kama kila swichi ya tawi iulize saa intaneti. Hapana, dada. Swichi mbili za makao makuu ziulize nje, matawi yaulize hizo mbili. Intaneti ikikatika, amri ya ntp master 10, inayoruhusu swichi kutoa saa yake yenyewe, kwenye hizo mbili itawaweka wote pamoja, hata kama wote wamepotoka kidogo. Ila orodha yako ya peer iruhusu anwani ya saa ya ndani ya swichi, 127.127.1.1, au 127.127.7.1 kwenye matoleo ya zamani. Bila hiyo, swichi itajizuia yenyewe kufuata saa yake.