Sindano ya Wiki na Kumbukumbu ya Simu

RAMADHANI: Karibuni tena katika kipindi chetu kutoka Kampala. Dada Sauda, ambaye anatumia semaglutide kwa maagizo ya daktari wake ili kupunguza uzito, amekubali leo kutueleza jinsi anavyoifuatilia dawa hiyo kwa programu ya simu, nami nitachangia niliyojifunza katika miaka yangu ya kuhudumu katika duka la dawa. Dada, ulianzaje?

SAUDA: Nilianza baada ya kosa, kaka. Sindano hii huchomwa mara moja kwa wiki, na mimi nilikuwa nikiweka alama ya penseli kwenye kalenda ya jikoni. Jumapili moja nilichoma, wageni wakabisha hodi kabla sijaweka alama, na Jumanne nilipoona nafasi ya Jumapili iko tupu nikachoma tena. Usiku huo nilitapika hadi alfajiri. Asubuhi nilifungua friji, nikakuta katika boksi la kalamu nne za sindano imebaki moja, ilhali zilipaswa kuwa mbili. Nilisimama pale nikiwa nimeishika ile moja, ndipo nikampigia daktari.

RAMADHANI: Pole sana, dada. Wasikilizaji waelewe kwamba dawa hii hutoka mwilini polepole mno, kwa kuwa baada ya takriban wiki moja, nusu yake huwa bado imo. Ukishazidisha, huna namna ya kuiharakisha itoke. Tena dozi ya kupunguza uzito hupandishwa kwa ngazi: 0.25 mg kwa wiki nne, kisha 0.5, 1, 1.7 na hatimaye 2.4, ili tumbo lipate muda wa kuzoea. Sasa simu inakuandikia nini?

SAUDA: Tarehe, saa, kipimo na mahali nilipochoma. Kuna mchoro wa mwili wenye alama za tumbo, paja na mkono wa juu. Nikigusa paja la kushoto leo, wiki ijayo programu inanikumbusha kubadilisha mahali. Nimejiwekea sharti kwamba sitoki pale mezani, wala siweki kalamu iliyotumika kwenye chombo chake, kabla sijaandika. Ninaandika pia namba ya toleo iliyo kwenye boksi, ile inayotambulisha dawa zilizotengenezwa pamoja.

RAMADHANI: Hiyo namba ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia iliyogunduliwa katika nchi kadhaa, na mtu mwenye namba ya toleo mkononi anaweza kuulizia dawa yake kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa bila kubahatisha. Nina swali jingine: ukisahau sindano, unaifuata simu?

SAUDA: Siifuati peke yake. Kwa dawa yangu, ikiwa zimebaki zaidi ya siku mbili kabla ya sindano inayofuata, ninachoma niliyoisahau. Zikiwa pungufu ya hapo, ninairuka. Programu yangu hunitumia ukumbusho ule ule hata siku ya sita.

RAMADHANI: Kwa tirzepatide, dawa nyingine ya sindano ya kila wiki, kanuni ni tofauti, kwani dozi iliyosahaulika huchomwa ndani ya siku nne. Kwa hiyo mtumiaji achague jina sahihi la dawa yake ndani ya programu, na karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi ndiyo iwe na neno la mwisho. Vilevile, mchoro wa kiwango cha dawa mwilini unaoonyeshwa na programu ni hesabu iliyotokana na tarehe ulizoandika. Hakuna aliyepima damu yako.

SAUDA: Na uzito nao ulinisumbua sana mwanzoni. Nilikuwa nikipanda mizani kila asubuhi, mstari ukipanda kwa nusu kilo ninakosa raha siku nzima.

RAMADHANI: Katika utafiti mkubwa wa semaglutide uliochapishwa mwaka 2021, washiriki walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15, lakini ilikuwa ni baada ya wiki 68, wakibadilisha pia chakula na mazoezi. Kwa mtu wa kilo 96 hiyo ni takriban kilo 14 kwa zaidi ya mwaka mmoja, ambayo ni chini ya kilo moja kwa mwezi. Nusu kilo ya asubuhi moja inaweza kuwa chumvi na maji tu.

SAUDA: Sasa ninapima Ijumaa pekee, kabla ya chai. Kwa upande wa chakula, programu haikuwa na matoke wala mchuzi wa karanga, nikalazimika kuviingiza mwenyewe. Ninachozingatia zaidi ni maharage, mayai na mukene, yaani dagaa, kwa sababu hamu ya kula ikipungua ni rahisi kupoteza misuli pamoja na mafuta.

RAMADHANI: Daktari anaitazama kumbukumbu hiyo?

SAUDA: Safari iliyopita aliupita mstari wa uzito haraka, akakaa kwenye kichefuchefu. Aliona kwamba kila wiki kilinishika siku ya pili na ya tatu, akaamua nibaki kwenye 0.5 kwa wiki nne nyingine badala ya kupanda. Aliniambia pia kwamba maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, yanayoelekea mgongoni, si ya kuandikwa kwenye simu kwa utulivu. Huenda ni uvimbe wa kongosho, na ni ya kukimbilia hospitali.

RAMADHANI: Na siri zako?

SAUDA: Sheria yetu ya mwaka 2019 ya kulinda data na faragha huzipa habari za afya ulinzi wa pekee, lakini programu nyingi huhifadhi data ng'ambo. Nimezima ruhusa ya mahali nilipo, sikuandika jina langu kamili, na kila mwisho wa mwezi ninatoa nakala ya karatasi, ninaiweka katika faili la kliniki.