Tazama ndani kwanza ndo ukonvati: mazungumzo na wapiga video, Mwanga, Kigoma

Shikamooni wazee, na vijana wenzangu habari za jioni. Nashukuru mmefunga vibanda mapema mkaja.

Naanza na mama mmoja wa Ujiji. Alinijia na flashi ina video ya arusi ya binti yake, mwanzoni kwenye tv picha ilikuwa inaonekana ila sauti hakuna. Alishampelekea mtu akakonvati, yaani akaibadilisha iwe video ya aina nyingine, bado, akaenda kwa mwingine akakonvati ile ile iliyokonvatiwa, akaenda kwa wa tatu ndo sauti ikatoka. Nikaifungua. Hina ya bi arusi, ile wanayochora usiku kucha ua moja moja, imekuwa doa jeusi mkononi, na nyuso za bibi zake zimekuwa viboksi viboksi. Nikamuuliza ile ya kwanza kabisa iko wapi, akasema walifuta ili ipatikane nafasi. Mi roho iliniuma sana, manake picha ilikuwa haina tatizo toka mwanzo, ilikuwa ni sauti tu.

Sasa tuelewane hapa. MP4, MKV, AVI, hizi aina za faili za video, hayo ni madumu. Dumu unaweza kutia mawese, unaweza kutia asali ya Tabora, kwa nje dumu ni lile lile. Kilichomo ndani kimebanwa kwa namna yake, na namna hiyo ndo tunaita kodeki, kuna ya picha na kuna ya sauti, kila moja na yake. Kwa hiyo mtu akikwambia tv yangu inacheza MP4 hajakwambia kitu bado, MP4 yenye nini? Na wale mnaobadilisha jina tu, mnafuta mkv mnaandika mp4, mmebadilisha lebo, mawese bado ni mawese.

Mtu anauliza mbona kwenye laptopu inacheza? Laptopu ukiweka VLC, ile programu imekuja na kodeki zake yenyewe karibu zote. Tv inategemea chipu iliyofungwa humo kiwandani na leseni alizolipia mtengenezaji, basi. Upande wa picha, kodeki ya H.264, ya mwaka 2003, karibu kila smati tv inaisoma. H.265 ilitoka 2013, tv za zamani haziijui, na iPhone toka iOS 11 ya 2017 nyingi zinarekodi kwa hiyo H.265, ndo maana video ya simu ya shemeji inagoma sebuleni. Halafu kuna H.264 ya biti 10, yenye rangi nyingi zaidi kuliko ya kawaida ya biti 8, hii inachanganya watu sana coz jina ni lile lile ila chipu nyingi za tv zinajua biti 8 tu. Upande wa sauti, kodeki ya DTS ndo msumbufu, Samsung waliiondoa kwenye tv zao kuanzia modeli za 2018. Na kamera zetu hizi nyingi zinatoa sauti ya PCM, yaani isiyobanwa, tv nyingine zinaikataa ikiwa ndani ya MP4. Ya yule mama nadhani ilikuwa hiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu fungua VLC, bonyeza Ctrl na J, soma picha ni nini sauti ni nini. Ukikuta picha ni H.264 ya kawaida na sauti ndo mbovu, usiiguse picha! Nimeandika ubaoni amri ya ffmpeg, programu ya kukonvati kwa kuandika amri:

ffmpeg -i arusi.mp4 -c:v copy -c:a aac arusi_tv.mp4

Hilo neno copy linasema picha ihamishwe kama ilivyo, sauti peke yake ndo iwe AAC, kodeki ya sauti. Arusi ya masaa matatu inaisha kwa dakika chache na ile hina inabaki hina. Picha yenyewe ikiwa haisomeki hapo ndo unakonvati kweli, programu ya HandBrake inatosha, chagua H.264, RF weka 20 hivi (namba ikishuka ubora unapanda na faili linanenepa), na ukonvati mara moja tu, kutoka orijino, manake kila ukikonvati kuna kitu kinatupwa na hakirudi.

Flashi nayo. Ikiwa imeformatiwa kwa mpangilio wa FAT32 haipokei faili la kuanzia GB 4, itakwambia faili kubwa hata kama nafasi ipo. Iformati exFAT, ila hamisha vitu vyako kwanza coz inafuta vyote, na tv za zamani zingine exFAT hazisomi, hapo jaribu NTFS au kata video vipande viwili. Maandishi ya chini, faili la srt lipe jina lile lile la video, na yakae folda moja.

Na orijino ya mteja msifute, jamani. Nunueni hadidiski mziweke.

Haya, dada wa pale nyuma ulisema yako inaleta sauti bila picha, lete flashi tuifungue wote tuone.